Kuandika habari za muziki: hatua kwa hatua kwa anayeanza

Wanaotaka kuandika habari za muziki huuliza maswali yale yale. Lazima nijue kupiga gitaa? Nampataje msanii asiyepokea simu? Akinipa hela nifanyeje? Wimbo nauelezaje bila kuishia kusema "ni mkali"? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kusikiliza hadi makala kutoka. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na Zanzibar, hasa dansi na taarabu, kwa sababu huko ndiko kosa la jina au tarehe linakoumiza zaidi. Wapigaji wengi wa zamani wameshatangulia mbele ya haki, na ukikosea leo huenda hakuna atakayebaki wa kukusahihisha.

Kupiga ala si lazima. Lakini lazima uweze kutenganisha kwa sikio gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na hilo hujifunzwa kwa mazoezi ya wiki chache tu.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Simu yenye kinasa sauti na nafasi tupu isiyopungua GB 2. Saa moja ya sauti ya WAV ya njia moja hula takriban MB 320, ya MP3 ya kawaida kama MB 60.
- Kifaa cha pili cha kurekodi, hata simu ya kuazima. Kifaa kimoja hakitoshi.
- Visikilizio vya waya. Spika ya simu haitoi besi, na huwezi kuandika juu ya besi usiyoisikia.
- Daftari dogo na kalamu mbili. Ukumbini ni giza: andika kwa herufi kubwa na uruke mstari.
- Pawabenki iliyojaa.
- Vizibo vya masikio. Sauti ya desibeli 100, ambayo ni ya kawaida karibu na spika za ukumbini, huanza kudhuru masikio baada ya kama dakika 15. Dansi hupigwa saa tano au sita mfululizo, nawe masikio ndiyo jembe lako.
- Nauli ya kurudi, iliyotengwa kabla hujatoka nyumbani. Bendi inaweza kumaliza saa 8 usiku.

Kuhusu vibali: Tanzania Bara, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ndiyo iliyoweka Bodi ya Ithibati ya Wanahabari, na kitambulisho cha uandishi hutoka huko. Kenya, ithibati hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari. Ukitaka kufungua tovuti au chaneli yako ya habari Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 zinakutaka uwe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa hiyo waulize masharti na ada za sasa kabla hujapandisha kitu. Ukiandikia chombo cha watu wengine, leseni hiyo ni jukumu lao.

Hatua ya 1. Chagua kona moja

Usianze na "muziki wa Tanzania". Anza na dansi, au taarabu, au singeli, au kwaya, au wapiga ala wa mji mmoja. Kaa humo miezi sita. Mwandishi anayewajua wapiga besi ishirini kwa majina atapigiwa simu na mhariri, na anayejua kidogo kuhusu kila kitu atabaki kunakili kurasa za wasanii.

Hatua ya 2. Sikiliza wimbo mara tatu, kwa njia tatu

Mara ya kwanza usiandike kitu, sikiliza hadi mwisho. Mara ya pili andika dakika na tukio: 0:00 gitaa la solo peke yake, 0:22 ngoma na besi zinaingia, 0:50 mwimbaji wa kwanza, 2:40 kiitikio, 3:55 chemko, yaani sehemu ya mwisho iliyochangamka ya kuchezea. Mara ya tatu fuata ala moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, ukijisahaulisha kwamba kuna mwimbaji. Mara hiyo ya tatu ndipo utakapogundua kwamba wimbo ulioudhani ni wa mwimbaji kumbe unabebwa na mpiga ridhimu.

Kupima mwendo, gonga mguu kwa sekunde 15, hesabu, kisha zidisha kwa nne. Kwa singeli, ambayo mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, hesabu pigo moja ukiruka moja halafu zidisha mara mbili, la sivyo utapotea.

Kwenye taarabu asili, jifunze kuzitambua qanuni, udi, fidla, nai, akordioni na dumbak kila moja kwa sauti yake. Ukiandika "vyombo vya kiarabu vilisikika" msomaji wa Unguja ataacha kusoma hapo hapo, na ana haki.

Hatua ya 3. Tengeneza jedwali la miaka

Chora safu tatu: mwaka, tukio, nimelipata wapi. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na makosa mengi huzaliwa hapa. Angalia haya:

*Majina ya bendi hubadilika.* Bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kama NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Andika jina lililotumika wakati wa tukio, kisha mweleze msomaji kwa maneno machache kwamba ndiyo Msondo ya leo. Ukiandika kwamba mtu fulani aliimba "Msondo Ngoma mwaka 1967" utakuwa umetoboa historia.

*Jina la bendi si jina la mtindo.* Sikinde ni mtindo wa bendi ya DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978. Mashabiki huliita kundi kwa jina la mtindo, na hakuna ubaya, ila wewe uujue mpaka.

*Mwaka wa santuri si mwaka wa kurekodi.* Zamani bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, na santuri zilichapwa Nairobi. Wimbo unaweza kuwa ulishapigwa redioni muda mrefu kabla lebo ya santuri haijaandikwa mwaka. Na tarehe ya kupandishwa YouTube haikwambii lolote kuhusu umri wa wimbo. Wapo wanaoiandika kama mwaka wa kutoka!

*Mtunzi si lazima awe aliyeimba.* Mfano unaojulikana ni "Malaika". Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini Adam Salim naye alidai ndiye mtunzi. Pale penye mgogoro andika "uliorekodiwa na", halafu taja madai yote mawili.

*Neno "wa kwanza" ni mtego.* Kwamba mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, hilo unaweza kuliandika. Kwamba fulani ni "mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki" kufanya hiki au kile, lete ushahidi au lifute. Umri nao vivyo hivyo: Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Aprili 2013 bila tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa, kwa hiyo umri wake huandikwa kwa neno "unaokadiriwa".

Hatua ya 4. Omba mahojiano

Msanii wa sasa hupatikana kupitia meneja. Mzee wa dansi hapatikani kwa barua pepe: nenda mazoezini mchana, msalimie kila mtu, kaa pembeni usikilize, na uombe wakati wa mapumziko. Ukiandika ujumbe, uwe mfupi na uwe kamili, kama huu:

> Shikamoo Mzee. Naitwa (jina), naandika habari za muziki wa dansi. Naandaa makala kuhusu wapiga besi wa miaka ya 1980, na ningeomba tuzungumze dakika 45, siku na mahali utakapochagua wewe. Makala itatoka (jina la chombo). Naomba pia ruhusa ya kurekodi sauti. Ahsante.

Usiahidi ukurasa wa mbele wala tarehe ya kutoka, kwa sababu vyote viwili vimo mikononi mwa mhariri. Na hakikisha saa kwa maneno: "saa nne asubuhi", si "10". Mialiko mingi huandikwa kwa saa za Kizungu na wanamuziki huzungumza kwa saa za Kiswahili, ndipo mtu anafika saa tisa alasiri kwenye shughuli ya saa tatu usiku.

Hatua ya 5. Andaa maswali kumi, usizidishe kumi na mawili

Swali la "ulianza lini muziki?" liache kabisa. Ameshalijibu mara mia na jibu lake amelikariri. Anza na kazi: "Kwenye chemko la wimbo huu magitaa ni matatu. La kati alipiga nani?" Mwanamuziki akiona umesikiliza, anafunguka.

Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Badala ya kuuliza "ilikuwa mwaka gani?" uliza: "Ilikuwa kabla ya Vita vya Kagera au baada?" Vita hivyo vilikuwa mwaka 1978 hadi 1979, na jibu lake linakufikisha karibu. Nguzo nyingine ni Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, mabadiliko ya NUTA kuwa JUWATA, na kifo cha Mwalimu Nyerere mwaka 1999. Ukizichanganya mbili au tatu, mwaka unajitokeza wenyewe.

Swali gumu liweke baada ya robo tatu ya muda wenu. Ukilianza nalo, mlango unafungwa. Ukilimalizia nalo, atasimama na kuaga.

Hatua ya 6. Siku ya mahojiano

1. Fika dakika 20 kabla. Chagua mahali mbali na jenereta, barabara na televisheni. Omba pangaboi lizimwe, maana upepo wake hufunika herufi za mwisho wa maneno.
2. Weka simu kwenye kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni mwake. Juu ya meza tupu, kila glasi inayowekwa itasikika kama bomu.
3. Bonyeza kitufe cha ndege. Kwenye simu nyingi, mtu akipiga kurekodi hukatika na wewe hutajua.
4. Rekodi sekunde 30, sikiliza kwa visikilizio, kisha anza na kifaa cha pili kikiwa kinaenda.
5. Mwanzoni sema tarehe, mahali na majina, na umwombe aseme kwa sauti yake kwamba amekubali kurekodiwa.
6. Mwishoni mpe daftari aandike mwenyewe jina lake kamili na la kisanii. Usikisie kama ni Marijani au Marijan.

Msemo "hili usiliandike" una kanuni yake: mnakubaliana kabla hajalisema. Akilisema kwanza ndipo akuombe, kanuni hiyo haikulazimishi kulificha, lakini pima. Kama ni la ugonjwa au la familia na halihusiani na muziki, liache.

Mzee akinyamaza, nawe nyamaza. Hesabu kimya kimya hadi saba. Mara nyingi jibu la kweli huja baada ya kimya hicho, na anayeanza hulikata kwa swali jipya.

Hatua ya 7. Kuandika onyesho

Fika wakati mitambo inajaribiwa. Simama karibu na fundi mitambo, kwa sababu yeye anachanganya sauti kwa kusikiliza kutoka hapo alipo. Ukisimama mbele ya spika ya kushoto utaandika kwamba gitaa lilizidi, kumbe lilizidi kwako peke yako.

Andika: saa iliyotangazwa na saa muziki ulipoanza kweli, nyimbo kwa mpangilio, nani aliimba sehemu iliyokuwa ya marehemu au ya aliyehama, kipi kiliharibika na kilichukua dakika ngapi kurekebishwa. Watu wahesabu kwa vitalu: hesabu kumi, ona nafasi wanayochukua, kisha linganisha na ukumbi mzima. Namba ya promota ipokee kama dai.

Kwenye taarabu macho yako yawe kwa watu kama yalivyo jukwaani. Anayeinuka kutuza amechagua mstari wa kuinukia, na mstari huo ni ujumbe kwa mtu aliyemo ukumbini. Andika ni mstari upi. Mwandishi asiyeliona hilo ameona nusu ya onyesho.

Kwa matamasha makubwa kama Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa kawaida hufanyika Zanzibar mwezi Februari, omba kitambulisho cha waandishi mapema, kabla mwaka haujaisha.

Hatua ya 8. Andika

Nukuu mahojiano siku hiyo hiyo. Saa moja ya sauti huchukua kama saa nne kuiandika, kwa hiyo panga. Weka alama ya dakika kando ya kila kauli utakayoitumia. Usimsafishie Kiswahili chake: kama alisema "tulikuwa tunakamua", acha akamue. Ondoa tu vikwazo vya ulimi.

Urefu unaokubalika na wahariri wengi: habari fupi maneno 300, uhakiki wa onyesho 600, makala ya mtu 1,200. Anza na jambo linalotendeka, si na historia ya kuzaliwa. Linganisha:

> Bendi ilipiga vizuri sana na mashabiki walifurahi.

> Baada ya ubeti wa pili magitaa yakanyamaza, tumba na besi zikabaki peke yake, na hapo ndipo waliokuwa wamekaa wakaanza kusogeza viti.

Maneno "kali", "bonge la ngoma", "moto wa kuotea mbali" yafute yote kwenye rasimu ya pili. Kila lilipokuwepo, weka kile ulichokisikia. Mashairi ya wimbo nukuu mstari mmoja au miwili unayoichambua. Kuuchapa wimbo mzima ni kuchukua mali ya mtu.

Hatua ya 9. Hakiki kabla ya kutuma

Pigia mstari kila jina, mwaka na namba. Kila kimoja kiwe na chanzo kwenye jedwali lako. Meneja akikwambia video ina watazamaji milioni tano, fungua mwenyewe na uandike namba uliyoiona pamoja na tarehe uliyoiona. Kama makala ina lawama, anayelaumiwa apigiwe, aandikiwe, na apewe muda wa kujibu.

Hapa pia ndipo pa kutambua kiki, yaani tukio la kupangwa ili kuvuta macho ya watu. Ugomvi au uchumba unaozuka siku chache kabla ya wimbo kutoka, ukithibitishwa na pande zile zile zinazouza wimbo, usiuandike kama habari. Subiri wimbo, andika wimbo.

Hatua ya 10. Uza kazi yako, kataa bahasha

Mtumie mhariri pendekezo la maneno 150: nini, kwa nini sasa, umeshaongea na nani, urefu gani, picha zipo au hazipo. Kubalianeni malipo na haki ya picha kwa maandishi kabla ya kuandika.

Pesa ya msanii, meneja au promota usiipokee, hata ikiitwa nauli. Sema tu: "Ahsante, nauli yangu ninayo." Ndiyo maana tulisema uitenge. Tiketi ya kuingilia na nakala ya albamu havina shida, maana bila hivyo kazi haifanyiki. Ukishapokea bahasha moja, promota atawaambia wenzake bei yako, na siku utakayosifu kwa haki hakuna atakayeamini.

Mambo yakikwama

*Msanii hakutokea.* Subiri dakika 60, tuma ujumbe mmoja wa heshima, pendekeza siku nyingine mbili. Akikwepa mara ya tatu, andika makala kupitia watu wanaomzunguka: mprodyuza, mpiga kinanda, fundi mitambo. Mara nyingi inakuwa bora.

*Majibu ni ya neno moja.* Acha maswali, cheza wimbo wake kwenye simu na useme, "Niambie hapa kinatokea nini." Shika kalamu haraka.

*Rekodi imeharibika au imepotea.* Kaa chini papo hapo uandike yote unayokumbuka. Kauli ambazo hukuziandika daftarini neno kwa neno zisiwekwe kwenye alama za kunukuu. Mpigie umweleze ukweli na uombe dakika kumi za kurudia yale makuu.

*Meneja anataka kusoma makala kabla haijatoka.* Mkatalie kwa upole, ila jitolee kumsomea kwa simu nukuu za msanii wake na tarehe. Hapo hurekebisha makosa ya kweli na hana nafasi ya kubadili maoni yako.

*Wazee wawili wanapingana kuhusu nani alitunga.* Usiamue. Tafuta mtu wa tatu aliyekuwepo studio, angalia lebo ya santuri, kisha ziandike kauli zote kwa majina ya waliozisema.

*Wimbo umeimbwa kwa lugha usiyoielewa.* Dansi limejaa Kilingala, na lugha za nyumbani zimo tele. Tafuta wazungumzaji wawili, kila mmoja akutafsirie peke yake. Wanapotofautiana, rudi kwa mwimbaji.

*Msanii ni rafiki yako au ndugu yako.* Mwambie mhariri kabla, na uhakiki wa kazi yake mwachie mwingine.

*Kosa limeshachapishwa.* Lirekebishe siku hiyo hiyo, andika chini ya makala nini kilikosewa na lini kimesahihishwa, na umpigie aliyekosewa wewe mwenyewe. Kisha rudi kwenye jedwali la miaka urekebishe na mle, maana kosa lililobaki kwenye daftari litajirudia kwenye makala ijayo.